Kauri, jahazi na nguruwe chini ya paa: kanji nilivyozishika Kagoshima

Kuandika kanji moja, yaani herufi mojawapo kati ya zile za Kijapani zenye asili ya Uchina, mara mia katika daftari la miraba kunachosha mkono kuliko kunavyofundisha kichwa. Nimeishi Kagoshima, mji wa bandari kusini mwa kisiwa cha Kyushu, Japani, nikisomea mazao ya bahari, na huko nimeona wanafunzi wa kigeni wenye bidii kubwa wakijaza madaftari usiku, kisha asubuhi wakisimama mbele ya kibao cha kituo cha tramu wasiweze kusoma jina la kituo. Bidii walikuwa nayo tele. Walichokosa ni kisa, yaani sababu ya mstari huu kukaa hapa na ule kukaa pale.

Hesabu yenyewe ni nzito. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, kama ilivyorekebishwa mwaka 2010, ina kanji 2,136. Mtoto wa Kijapani hufundishwa 1,026 kati ya hizo katika miaka sita ya shule ya msingi, naye anaanza akiwa tayari na lugha masikioni. Mgeni anaanza lugha na maandishi kwa pamoja. Sisi Waswahili tuna nafuu mwanzoni, kwa sababu hiragana na katakana, maandishi mengine mawili ya Kijapani yenye herufi 46 za msingi kila moja, zinakwenda kwa silabi kama zile za darasa la kwanza: ka, ki, ku, ke, ko. Irabu ni tano. Hapo Mswahili anapita vizuri tu, hata anajiona ameshafika. Kisha zinakuja kanji.

Aliyenifungulia njia ni mwalimu wa kujitolea katika darasa la jioni la mtaani, bibi mstaafu aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote. Jioni moja aliandika ubaoni 親, mzazi, akaigawa vipande vitatu: 立 kusimama, 木 mti, 見 kutazama. Akasema, “Mzazi amepanda mti, amesimama juu, anamtazama mwanawe anayekwenda mbali.” Hakuongeza neno. Darasa zima, watu wa nchi sita au saba tulioacha wazazi nyuma, tulinyamaza. Sijawahi kuisahau kanji ile, na sidhani kama kuna aliyeisahau.

Nilidhani ni ubunifu wake, lakini ni kisa ambacho Wajapani wengi wanakijua. Wenyewe wana hazina ya visa vya namna hiyo, vingine vya zamani na vitamu sana. Kanji ya mapenzi katika umbo lake la kale, 戀, ina nyuzi mbili 糸 na 糸, katikati 言 kusema, chini 心 moyo. Uzi ni ito, na mpendwa ni itoshi, basi kuna msemo wa kimashairi unaosomeka “itoshi, itoshi to iu kokoro”, yaani moyo unaosema mpenzi, mpenzi. Ukiutamka umeshaiandika. Na 櫻, umbo la kale la mcherry unaochanua Japani kila majira ya kuchipua, ina gamba mbili za bahari, mwanamke, na mti. Gamba mbili ni nikai, na ghorofa ya juu ni nikai pia. Mti ni ki, na ki vilevile ni nafsi au nia. Kwa hiyo husemwa: mwanamke wa ghorofani ananikaa moyoni. Hata 鬱, huzuni nzito, yenye mistari 29 na iliyoingizwa kwenye orodha rasmi mwaka ule wa 2010, watu wanaishika kwa kusema kwamba Lincoln alikunywa vikombe vitatu vya kahawa ya Kimarekani, kila neno likisimama badala ya kipande kimoja cha herufi. Nilipoyajua haya nilipata ujasiri. Kumbe kutunga visa si njia ya mkato ya wageni wavivu, ni desturi ya wenye lugha.

Shida ilikuja na visa vya kuazima. Vitabu vingi vya wageni vimeandikwa kwa Kiingereza, na vimejaa mambo ya wenyewe: besiboli, theluji ya Krismasi, maneno ya Kiingereza yanayokaribiana sauti na Kijapani. Kila kisa kilinitaka kwanza nikielewe, halafu nikikumbuke, halafu nikitumie, na mzigo ukawa mara mbili. Hapo ndipo nilipoamua kwamba vipande vyote vya kanji nitavipa majina yangu, kutoka nilikokulia, yaani Kilwa Masoko, katika nyumba ya wavuvi.

Chukua 辶. Kipande hiki hukaa kushoto na kupita chini ya vingine, na aghalabu kinahusu mwendo. Mimi nililiona jahazi: tezi imeinuka kushoto, mkuku umenyooka kwenda kulia, shehena juu. Tangu hapo kila kanji yenye 辶 ni safari. 運, kusafirisha, ni gari 車 lililofunikwa turubai na kupakiwa jahazini. 進, kusonga mbele, ni ndege 隹 aliyetua juu ya chombo kinachokata maji. 道, njia, ni kichwa 首 cha nahodha akichungulia mkondo. 遅, kuchelewa, ni kondoo 羊 waliopakiwa chini ya kipande ninachokiita bendera, na yeyote aliyewahi kungoja mifugo ipakiwe chomboni hahitaji kuambiwa kwa nini safari hiyo ilichelewa.

Lakini kipande kilichonigusa kuliko vyote ni 貝, gamba la bahari. Niliona kwamba kimejaa kwenye maneno ya fedha, na nikamuuliza Sensei, yule mwalimu wetu wa jioni, sababu. Akanieleza kwamba katika Uchina ya kale kauri zilitumika kama fedha, na kumbukumbu hiyo imebaki ndani ya maandishi mpaka leo. Mimi nimecheza bao kwa kauri! Nilirudi chumbani nikazitafuta zote nilizoweza kuzipata. 財, mali, ina kauri. 貯, kuweka akiba, ina kauri. 貨, bidhaa, ni kauri na 化 kubadilika, fedha iliyogeuka kitu. 貧, umaskini, ni 分 kugawa juu ya kauri, kidogo kilichogawanywa mpaka hakionekani. Na 買, kununua, ni wavu juu ya kauri. Wavu! Kwa binti wa mvuvi hapo hakuna cha kukariri, kwa sababu kila kilichonunuliwa nyumbani kwetu, sare za shule na mafuta ya taa, kilitoka wavuni. Hapa kisa cha kutunga na historia ya kweli vilikutana, na kanji za namna hiyo ndizo zinazokaa kuliko zote.

Picha ya kushtua nayo hukaa. Nyumba ni 家: juu paa, chini 豕, ambaye ni nguruwe. Nimelelewa katika familia ya Kiislamu, na kwetu nguruwe chini ya paa ni jambo lisilosemeka, sembuse kuandikwa kwamba ndiyo maana ya nyumba. Niliitazama mara moja ikatosha. Na Kagoshima ni maarufu kwa nguruwe weusi, picha zao ziko kwenye mabango ya mikahawa mji mzima, kwa hiyo mji wenyewe ulikuwa ukinirudisha kwenye somo. Ukibadilisha nguruwe ukaweka mwanamke 女 unapata 安, amani, na pia bei nafuu, neno ninalolitafuta kwa macho kila jioni dukani wanapoanza kubandika vibandiko vya punguzo kwenye samaki.

Jina likishapewa kipande lisibadilishwe, na hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Ukiita 辶 jahazi leo na barabara kesho, visa vyote vitachanganyika. Ila kuna vipande vyenye sura moja na asili mbili, na hapo lazima uwe mwangalifu. 月 ni mwezi katika 明, angavu, ambako jua na mwezi vimesimama pamoja. Lakini katika 腕 mkono, 脳 ubongo na 肺 pafu, 月 ile ile kwa asili ni nyama ya mwili. Niliipa majina mawili: ikikaa kulia ni mwezi, ikikaa kushoto au chini ni nyama. Si kanuni isiyovunjika, lakini inatosha kwa kiungo cha mwili chochote utakachokikuta kwenye fomu za hospitali.

Je, visa hivi ni kweli? Swali hili lilinisumbua, kwa sababu sikutaka kujifunza uongo kuhusu maandishi ya watu. Mfano mzuri ni 東, mashariki. Karibu kila kitabu kinasema ni jua nyuma ya mti, na maelezo hayo yana umri mkubwa, yamo katika kamusi ya Xu Shen wa Uchina wa karne za mwanzo za enzi yetu. Lakini tangu mifupa ya ramli yenye maandishi ya kale zaidi ilipotambuliwa mwaka 1899, wataalamu wengi wanaona umbo la kwanza lilikuwa mfuko uliofungwa ncha mbili, ulioazimwa kwa ajili ya sauti tu. Nilimweleza Sensei wasiwasi wangu. Akasema, “Wewe kumbuka kwa jua na mti. Siku ukiandika kitabu cha historia, andika mfuko.” Nimelifuata neno hilo, ila katika kadi zangu natia alama ndogo pembeni pale ninapojua kwamba kisa ni cha kutunga. Ni heshima tu kwa wenye maandishi yao.

Sasa nifike palipo pagumu kweli, yaani sauti. Kisa kinakupa maana, lakini maana peke yake haisomi barua ya manispaa. Kanji moja huwa na usomaji uliotoka Uchina, on, na usomaji wa Kijapani chenyewe, kun, na zipo zenye zaidi ya hapo. Wanaosifu visa hupita haraka sehemu hii. Ukweli ni kwamba kanji nyingi zina msaada ndani yake, kwa sababu zimeundwa kwa kipande cha maana na kipande cha sauti. 青, buluu, husomwa sei. Itie maji, 清, ni usafi, na ni sei. Itie jua, 晴, anga limetakata, sei. Itie maneno, 請, kuomba, sei. Itie mchele, 精, kiini kilichokobolewa, sei. Ukijua ukoo mmoja umepata watano kwa gharama ya mmoja, na hapo sitaki kisa kabisa. Lakini koo nyingine zina watoto wakorofi. Ukoo wa 寺, hekalu, ni mmojawapo: 時 wakati na 持 kushika ni ji kama hekalu lenyewe, ila 詩 shairi ni shi na 待 kusubiri ni tai. Hizo nilizishika kwa picha ya hekalu moja lenye wageni wengi langoni: aliyekuja na jua anauliza saa, aliyenyoosha mkono ameshika mlango, mwenye maneno anaghani shairi.

Kwa usomaji wa Kijapani chenyewe, Kiswahili kilinipa zawadi ambayo sikuitarajia, kwa vile sauti zetu zinakaribiana mno. Sikio, 耳, ni mimi. Basi aliye mbele yako akikuita, sikio linaitika: mimi! Jiwe, 石, ni ishi, na hakuna kinachoishi kama jiwe. Nafasi ya kupumzika, 暇, ni hima, kinyume kabisa cha hima yetu, na ukinyume huo ndio ulioigandisha. Vibua ni saba, na kanji yake ni 鯖, samaki na buluu, ambayo ingawa ina 青 ndani haisomwi sei, maana hilo ni jina la samaki huyo kwa Kijapani cha asili. Nilipoiona niliona fungu la vibua saba wa buluu kwenye meza ya soko. Umbo, maana na sauti, vyote kwa mtazamo mmoja.

Niliyoipenda kuliko zote ni 灰, majivu. Kagoshima inatazamana na Sakurajima, volkano iliyo ng'ambo kidogo ya ghuba, ambayo ilikuwa kisiwa mpaka mlipuko wa mwaka 1914 ulipoiunganisha na nchi kavu kwa lava. Inatoa majivu mara kwa mara. Upepo ukigeukia mjini unaanua nguo, unafunga madirisha, na siku ya pili watu wanafagia na kutia majivu kwenye mifuko ya manjano inayotolewa na manispaa kwa kazi hiyo. Majivu kwa Kijapani ni hai. Na ukitazama kanji yenyewe, ndani yake umo 火, moto. Nilisimama kibarazani na ufagio nikiangalia moshi juu ya mlima, nikajisemea kwamba majivu haya ni hai kwa sababu moto bado umo ndani. Kisa hicho sikukitunga. Kilinijia chenyewe kutoka angani.

Kuna kanji zisizokubali kisa. 的, 以, 然 na nyingine za kujengea maneno hazina picha ya maana, na kuzilazimisha ni kupoteza muda. Hizo nilizisoma ndani ya maneno mazima, 自然 maumbile, 全然 kabisa, mpaka zikazoeleka.

Na hata kisa kizuri hufifia kisiporudiwa. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kumbukumbu, alichapisha mwaka 1885 matokeo yanayoonyesha jinsi tunavyosahau haraka mwanzoni, kisha polepole. Programu za kadi za kurudia, kama Anki, zimejengwa juu ya wazo hilo: kadi inarudi karibu na wakati ambapo ungeisahau, na kila ukijibu vizuri inakwenda mbali zaidi. Nilizipitia kwenye tramu. Upande mmoja kanji, upande wa pili kisa changu kwa Kiswahili, neno moja lenye kanji hiyo, na mahali nilipoiona kwa mara ya kwanza, maana mahali nako kunasaidia. Kisha niliandika kwa kidole kiganjani, kama Wajapani wenyewe wanavyofanya wanapojaribu kukumbuka herufi. Baada ya muda kisa kinaanza kuondoka chenyewe. Nikiona 買 leo sioni wavu wala kauri, naona kununua. Mwanzoni nilisikitika, kwani visa vile nilivipenda, lakini naviona bado nikikutana na kanji ngeni inayobeba kauri. Vinarudi mara moja kunishika mkono.

Mwaka wangu wa mwisho alifika kijana wa Kenya, kutoka Kisumu, kusomea ufugaji wa samaki. Aliniomba kadi zangu. Nilimwambia, “Majina ya vipande nitakupa uyaone, lakini visa tutavitafuta vyako.” Tukaenda kwenye mkahawa wa sushi, wenye vile vikombe vikubwa vya chai vilivyoandikwa majina ya samaki kwa kanji kuzunguka pande zote. Alikuwa ameshakijua kipande cha 魚. Nikamwonyesha 鰯, kanji iliyobuniwa na Wajapani wenyewe, samaki na 弱, dhaifu. Ni samaki mdogo, wa jamii ya dagaa wa baharini, anayeharibika upesi akitoka majini.

“Huyu ni omena,” akasema bila kungoja. “Inasomwaje, dada?”

“Iwashi.”

Akakaa kimya kidogo, halafu akacheka. “Iwashe! Kwetu omena huvuliwa usiku kwa taa. Ukisahau kuiwasha, hupati kitu.”

Mimi niliyekulia baharini sikuwahi kuifikiria hiyo. Akaiandika kwenye simu yake, tukahamia kwenye 鰹, samaki na 堅, ngumu. Kwangu ilikuwa rahisi, kwa sababu huyo ni sehewa, na nilikuwa nimeshafika Makurazaki, kusini mwa mkoa huo huo wa Kagoshima, ambako sehewa hukaushwa kwa moshi mpaka akawa mgumu kama gogo, kisha hukwanguliwa kwa ajili ya supu. Yeye ziwani kwao sehewa hayupo, na kisa changu hakikumwingia hata nilipokirudia. Alikizungusha kikombe mara kadhaa, chakula kikapoa, mpaka akamkumbuka mbuta wa kukaushwa kwa moshi ambaye shangazi yake huuza sokoni, mgumu kiasi cha kulowekwa kabla ya kupikwa. Hapo akaiandika.